Petroli ya Mchezo na Petroli ya Bengamisa

Anayetaka kushindana na wenzake kuendesha gari kwa mafuta machache bila kutoka chumbani ana michezo mitatu ya maana ya kuchagua. Wa kwanza ni Euro Truck Simulator 2, kazi ya SCS Software ya Prague, uliotoka mwaka 2012. Wa pili ni SnowRunner wa mwaka 2020, wa malori yanayohangaika topeni. Wa tatu ni Bus Simulator Indonesia, wa simu, ambao vijana wa Tanzania na Kenya wameyachora humo mabasi ya kwao hadi mgeni angedhani uliundwa Ubungo, Dar es Salaam. Kwa anayeishi Paris au Nairobi, kuchagua ni suala la bei na ladha. Kwa anayeishi Kisangani, Kongo, au mbele zaidi Bengamisa, kilomita zipatazo 50 kaskazini kwenye barabara ya Buta, kuna gharama ambayo hakuna duka linaloibandika kwenye bidhaa: mchezo wa kubana mafuta unachezwa kwa kuchoma mafuta.

Tuanze na hiyo. Bengamisa umeme ni paneli za jua na jenereta. Jenereta ndogo ya kilowati moja hunywa karibu nusu lita ya petroli kwa saa, na haijali sana umeifungia nini: kompyuta ya mezani ya wati 300 ikiwa peke yake, injini bado inazunguka kwa kasi ileile. Jioni ya saa nne za mashindano ni lita mbili. Sasa chukua pikipiki ya 125 inayotumika kubeba abiria. Ikiwa na afya, hutumia lita 2 hadi 2.5 kwa kilomita 100, na kilomita 100 ndiyo Bengamisa kwenda Kisangani na kurudi. Kwa hiyo kijana anayeshangilia kwamba ameipunguzia Scania ya kwenye kioo lita tano, amechoma petroli ya kweli ambayo ingempeleka mama yake sokoni Kisangani na karibu yote ya kumrudisha.

Laptopu hupunguza hasara, ila laptopu ya kawaida haiwezi kuubeba SnowRunner, na ile inayouweza nayo inakula wati za kutosha. Simu ndiyo inayoshinda hapa, tena kwa mbali. Betri ya miliampia-saa 5,000 ni kama wati-saa 19 tu, kazi ambayo paneli ya wati 50 inaimaliza asubuhi jua likiwa limetoka vizuri. Anayechajisha kwa kulipa kibandani analipa pesa ya vocha ndogo, si pesa ya petroli.

Gharama ya pili ni intaneti. Euro Truck Simulator 2 huuzwa kama euro 20, na mara kwa mara hushushwa hadi karibu robo ya bei hiyo. SnowRunner ni ghali zaidi. Ule wa mabasi ni bure, malipo yake ni kuvumilia matangazo. Lakini michezo miwili ya kompyuta ni makumi ya gigabaiti kila mmoja, na kuyashusha kwa data ya simu Kisangani kunaweza kuipita bei ya mchezo wenyewe. Ushauri wangu: nunua kwa akaunti yako, kisha tafuta rafiki aliyekwisha kuushusha, umkopie mafaili kwenye diski. Duka la Steam linaruhusu kuhifadhi nakala ya mchezo na kuirudisha kwenye mashine nyingine, mradi akaunti iwe imelipia. Utabaki kushusha masahihisho tu.

Ukishapita hapo, ni mchezo gani unaopima mafuta kwa haki? Euro Truck una vipimo vizuri: dashibodi inakuonyesha wastani wa lita kwa kilomita 100 kama lori la kweli. Ila mkishindana bila kuweka masharti, mshindi mnamjua kabla ya kuanza. Mchezo una ujuzi sita ambao dereva anaununua kwa pointi anazopata kazini, na mmojawapo ni uendeshaji wa kubana mafuta. Aliyeweka pointi zake huko, lori lake linakunywa kidogo hata akiendesha kama mwehu. Mguu haukubadilika, kilichobadilika ni hesabu ya programu. Kwa hiyo sharti la kwanza ni kila mtu aanze na dereva mpya asiye na pointi. La pili ni lori moja, tela moja, mzigo mmoja na njia moja. La tatu, ingieni kwenye mipangilio muwashe matumizi halisi ya mafuta.

Msisahau pia kwamba ramani yake imefinywa kwa kipimo cha 1 kwa 19. Mlima unaopandwa kwa dakika nyingi Ulaya unaumaliza kabla hujakohoa. Anayetaka kujua gharama ya mlima haipati humo.

Ila kuna kitu kimoja unachokifundisha vizuri, na kinafaa hata kwa asiyewahi kuona lori la Ulaya. Ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi. Shusha mwendo kutoka 90 hadi 75 na nguvu ya hewa inayokuzuia inapungua kwa karibu asilimia 30. Wanaoshinda mashindano haya si wenye mikono myepesi kwenye kona. Ni wale wanaotazama mbali, wanaoiona taa nyekundu mapema na kuachia mafuta badala ya kukanyaga breki, kwa sababu kila unapokanyaga breki unayageuza kuwa joto mafuta uliyoyalipia dakika moja kabla.

Sasa mpeleke bingwa huyo kwenye barabara ya Bengamisa mvua ikiwa imenyesha. Kasi ya 75 ataisikia kwa jina tu. Hewa haimzuii, kinachomzuia ni tope, na hapo SnowRunner unaujua ukweli ambao mwenzake haujui. Humo lori linaweza kunywa mafuta likiwa limesimama palepale, magurudumu yakizunguka. Ukiwasha nguvu ya magurudumu yote matumizi yanapanda. Ukifunga difu yanapanda tena. Mchezaji mgeni huwasha vyote tangu anapoanza safari na kukwama katikati ya msitu tangi likiwa tupu. Mchezaji mzoefu huvizima kwenye ardhi ngumu, huvuta pumzi kabla ya dimbwi, hushuka kwa macho kutafuta ukingo wenye mawe, kisha ndipo huwasha. Huo ndio uendeshaji wa madereva wa malori wa barabara hii, ambao hakuna aliyewauzia mchezo.

Ule wa mabasi sina mengi ya kuusema. Ni wa raha: honi, abiria, rangi. Kwa kushindania lita haufai, ila kwa aliye na simu na paneli tu ndio unaochezeka bila kumkosesha mtu petroli.

Kuna somo moja la Euro Truck ambalo motari, yule dereva wa pikipiki ya abiria, wa Bengamisa akilichukua kama lilivyo atapata nusu ya faida. Kwenye lori la kisasa, ukiteremka na gia ikiwa ndani na mguu umeachia, kompyuta ya injini inakata mafuta kabisa. Dashibodi inasoma sifuri na wachezaji wanaipenda sifuri hiyo. Pikipiki nyingi za 125 huku kwetu ni za kabureta. Kabureta haina kompyuta. Ukiachia mafuta kwenye mteremko, injini inayozunguka inaendelea kunyonya petroli kidogo kupitia njia ya sailensi. Wengine wakasema basi toa gia, zima hata injini, teremka bure. Usifanye hivyo na mtu nyuma yako kwenye udongo mwekundu uliolowa, kwa sababu injini iliyo kwenye gia ni breki, na breki za pikipiki iliyobeba magunia hazihitaji kupunguziwa msaada. Ukitaka kubana petroli kwenye kabureta, pesa iko kwa fundi: kichujio cha hewa kilichosafishwa vumbi, plagi safi, mnyororo uliopakwa oili, matairi yenye upepo wa kutosha. Mambo haya hayana mchezo wowote, labda kwa sababu hayachezeki.

Mizigo ndiyo inayogeuza hesabu yote. Mashindano ya kwenye kioo hupima lita kwa kilomita, na kwa kipimo hicho lori tupu linalishinda lori lililojaa kila siku. Mkulima wa Bengamisa hana haja na kilomita. Ana gunia la mpunga, ndizi au makaa. Apime lita kwa gunia. Tuseme lori linalobeba tani 10 linatumia lita 40 kwa kilomita 100 kwenye barabara mbaya. Kufika Kisangani ni lita 20, na tani 10 ni magunia 100 ya kilo 100, yaani gunia moja limekunywa sentilita 20. Pikipiki yenye mzigo wa gunia moja kama hilo itatumia kama lita moja na nusu kwa njia hiyohiyo. Lita tukiipa faranga 4,000 ili hesabu iwe rahisi, gunia ndani ya lori limekula mafuta ya faranga 800, juu ya pikipiki faranga 6,000. Tofauti ni zaidi ya mara saba.

Mbona basi pikipiki zimejaa barabarani? Kwa sababu lori linasubiri lijae, na likikwama linakwama na magunia yako yote, na ndizi hazisubiri. Nauli si mafuta peke yake: kuna springi, kuna matairi, kuna vizuizi vya njiani, kuna siku zilizopotea. Mwenye magunia mawili na mtoto mgonjwa mjini atapanda pikipiki na atakuwa na haki. Mwenye magunia ishirini ya mpunga mkavu anayeyatoa kwa pikipiki mbili mbili anatupa pesa. Aungane na majirani wajaze lori. Baiskeli nayo isidharauliwe. Miaka ya vita, petroli ilipoadimika, Kisangani ilibebwa na toleka, teksi za baiskeli, na hadi leo kuna vijana wanaosukuma mizigo ya kutisha kuelekea mjini bila tone la petroli. Gharama yao ni siku zao na chakula chao, na anayewalipa ahesabu vyote viwili kabla ya kusema ni rahisi.

Kisha kuna chupa. Mbali na vituo, petroli huuzwa na Kadhafi, wale vijana wenye meza, mrija na chupa zilizopangwa. Itazame chupa kabla ya kuuliza bei. Chupa ya bia ya Primus ni sentilita 72, si lita. Tuseme kituoni mjini lita ni zile 4,000 zetu, na njiani chupa ya Primus ni 3,500. Inaonekana umeokoa 500. Gawanya: umenunua lita kwa karibu 4,860. Kwa lita mbili na nusu za kwenda na kurudi Kisangani, umelipa zaidi ya faranga 2,100 za ziada. Motari mwenye mkono wa dhahabu, anayeendesha taratibu, anayetazama mbali, anayeachia mafuta mapema, anaweza kuokoa labda asilimia 15 ya petroli yake, sawa na faranga 1,500 hivi. Chupa imeshamnyang'anya zote na kuomba nyongeza. Bado hatujataja petroli iliyochanganywa, ambayo inaharibu hesabu na injini pamoja. Simlaumu Kadhafi kwa kila kitu. Yeye yuko pale ambapo kituo hakipo, na usafirishaji umemgharimu. Namshauri mnunuzi tu: beba kidumu chako chenye alama za lita, nunua kwa lita, na ukiweza jaza ukiwa mjini.

Uamuzi wangu kuhusu michezo basi ni huu. Uko Kisangani, una laptopu inayouweza na umeme wa shirika la SNEL unaorudirudi: chukua Euro Truck wakati wa punguzo, ni kipimo kizuri cha subira ya mguu. Wewe ni dereva wa lori au unataka kuwa: weka akiba ya SnowRunner. Uko Bengamisa na jenereta: usiwashe petroli kwa ajili ya mchezo, cheza wa simu kwa raha na uishie hapo.

Na kama ni mashindano mnayotaka, yafanyeni barabarani, mnakopita hata hivyo. Mashindano makubwa ya dunia ya kubana mafuta, Shell Eco-marathon, chanzo chake ni dau la wafanyakazi wa Shell huko Wood River, Illinois, mwaka 1939. Gari lililoshinda lilikunywa kama lita 4.7 kwa kilomita 100, ambazo pikipiki yoyote ya Bengamisa inazicheka. Motari wanne wenye pikipiki za aina moja wanaweza kufanya yao bila faranga ya ziada. Jazeni tangi hadi shingoni pikipiki ikiwa imesimama wima, pimeni kila mzigo kwenye mizani ya mnunuzi wa mpunga, nendeni mjini kila mtu na abiria au magunia yake ya kawaida. Mkifika jazeni tena hadi shingoni kwa kidumu kimoja chenye alama, mwandike lita zilizoingia. Gawanyeni kwa kilo zilizobebwa, wala si kwa kilomita, na anayefika akiwa amemwagisha mzigo au amemwangusha abiria aondolewe hata kama tangi lake halikupungua.