Magurudumu Manne: Je, Yote Yanavuta?

Wakati wa masika, njia nyingi za shamba hugeuka uji. Basi la abiria huishia njia panda, lori hungoja jua, na watu huanza kuulizana nani mwenye Land Rover au Land Cruiser. Hilo ndilo litakalompeleka mama mja mzito hospitali, na ndilo litakaloleta dawa za zahanati. Kijiji kizima hulitumaini gari hilo moja.

Lakini mara nyingi gari hilohilo hukutwa limenasa matopeni, gurudumu moja linazunguka kama pia na jingine limesimama tuli. Watu hushangaa: "Si gari la magurudumu manne hili?" Dereva hukanyaga mafuta zaidi, matope huruka, gari huzama mpaka ekseli. Na mgonjwa yumo ndani.

Aghalabu kosa si la gari. Gari lina vyombo vya kulipitisha katika shida ile, lakini vingi havifanyi kazi mpaka viamriwe, tena viamriwe mapema. Basi tuvitazame kimoja kimoja. Anayeendesha atafaidika, na anayepanda tu atafaidika vilevile, maana abiria mwenye kuelewa hatamhimiza dereva afanye lisilofaa.

ASILI YA MAGARI HAYA

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa kwa watu huko Amsterdam, Uholanzi, mwezi wa Aprili 1948. Miaka 3 baadaye, yaani 1951, Wajapani wa Toyota walilijaribu gari lao kwa kulipandisha mlima Fuji mpaka kituo cha 6, na mwaka 1954 likapewa jina la Land Cruiser. Tangu siku hizo magari ya namna hizi mbili yamezunguka Afrika ya Mashariki yote, yakiwachukua madaktari, mabwana shamba, askari wa wanyama na watalii. Umbo lake limebadilika sana, lakini kanuni ya kuvuta ni ileile.

NGUVU HUPITA WAPI?

Nguvu ya injini hupita katika giaboksi, ikafuata chuma kirefu kinachozunguka chini ya gari, ambacho mafundi hukiita propela, mpaka kwenye difu. Difu ni lile bonge la chuma lililo katika ekseli. Kazi yake ni kugawa nguvu kati ya gurudumu la kushoto na la kulia.

Kwa nini igawe? Watazame watoto wa shule wakitembea kwa mistari, bega kwa bega. Wakikata kona, aliye ndani hupiga hatua fupi, karibu kukanyaga palepale, na aliye nje hupiga hatua ndefu ili mstari usivunjike. Magurudumu nayo ni hivyo. Difu huliruhusu la nje likimbie kuliko la ndani. Bila difu, tairi zingekwaruza barabara katika kila kona.

Katika njia kavu huo ni msaada mkubwa, lakini katika matope msaada hugeuka hasara. Difu ya kawaida haiwezi kulisukuma gurudumu moja kwa nguvu zaidi kuliko la pili. Gurudumu lililo katika utelezi halina kizuizi. Nguvu kidogo tu yatosha kulizungusha. Basi na lile lililokanyaga udongo mgumu hupata nguvu hiyohiyo kidogo, isiyotosha kulisogeza gari. Ndiyo sababu moja huzunguka bure na jingine husimama. Hata gari linalovuta mbele na nyuma laweza kushindwa kabisa, kama gurudumu moja la mbele na moja la nyuma yako katika utelezi. Hilo ndilo jambo la kwanza la kukumbuka.

MKONO WA PILI WA GIA

Karibu na mkono wa gia wa kawaida kuna mwingine mfupi. Katika magari mengi mapya ni kitufe cha kuzungusha. Katika Land Cruiser nyingi utaona alama nne.

H2 maana yake magurudumu ya nyuma tu ndiyo yanayovuta. Hii ni ya lami na ya njia kavu iliyo imara.

H4 maana yake ya mbele na ya nyuma yote yanavuta, kwa mwendo wa kawaida. Hii ni ya matope, mchanga na changarawe zinazoteleza.

L4 maana yake yote yanavuta, lakini nguvu inayofika magurudumuni huongezeka zaidi ya mara mbili, na mwendo hupungua kwa kiasi hichohicho. Hii ni ya matope mazito, mawe makubwa na milima mikali. Kuiingiza, aghalabu hupasa gari lisimame kwanza.

N maana yake gari halivuti popote. Jihadhari nayo. Ukiacha mkono huu katika N mahali penye mteremko, gari laweza kujiondokea hata kama umeliweka katika gia ya kwanza. Vuta breki ya mkono na uweke jiwe nyuma ya tairi.

Katika Land Rover za zamani, kifundo cha rangi ya manjano kilipobonyezwa chini kiliyaunganisha magurudumu ya mbele, na mkono wa rangi nyekundu ulipovutwa nyuma uliingiza gia za chini. Kazi ni moja, alama ndizo mbalimbali.

Katika magari mengi ya namna hii pia kuna kifungo katikati ya kila gurudumu la mbele, ambacho hugeuzwa kwa mkono. Kisipofungwa, hata ukitia H4 magurudumu ya mbele hayatavuta. Kifunge ukiwa bado penye ukavu. Kukitafuta kwa vidole chini ya matope, tena usiku, si kazi ya kupenda.

KWA NINI SI JUU YA LAMI?

Madereva wengine hufikiri kwamba H4 ni nzuri siku zote, maana "ina nguvu". Sivyo. Katika magari ya H2 na H4 hakuna difu kati ya mbele na nyuma. Pande hizo mbili hufungwa pamoja. Gari likikata kona, magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Katika matope tairi huteleza kidogo na mambo huwa sawa. Juu ya lami kavu haziwezi kuteleza, basi vyuma hujikaza vyenyewe kwa vyenyewe. Usukani huwa mzito, tairi huisha upesi, na mwishowe kitu huvunjika ndani ya giaboksi au difu. Ukitoka matopeni na kufika lami, rudi H2.

Magari mengine huvuta kwa magurudumu manne siku zote, kama Range Rover tangu ilipotokea 1970, na Land Rover One Ten tangu 1983. Haya yana difu ya tatu katikati, kwa hiyo hayadhuriki juu ya lami. Lakini difu hiyo nayo ina ila ileile ya kupotezea nguvu upande unaoteleza, ndiyo maana ina kufuli. Funga kufuli kabla ya kuingia matopeni, fungua ukifika njia kavu.

KUFULI LA DIFU

Magari mengine yana kufuli hata katika difu ya nyuma, na mengine katika ya mbele pia. Likifungwa, kushoto na kulia huzunguka pamoja kama kitu kimoja. Gurudumu moja likielea hewani, la pili litavuta vilevile. Ni msaada mkubwa kwa kutoka katika shimo. Lakini gari lililofungwa hivyo hukataa kukata kona, hutaka kwenda moja kwa moja tu. Kwa hiyo lifunge kwa mwendo wa polepole, pita pale pagumu, kisha ulifungue mara moja.

KOMPYUTA NA BREKI

Magari ya miaka hii yana namna nyingine. Katika kila gurudumu kuna kipima mwendo, kilekile kitumiwacho na breki za ABS. Kompyuta ya gari ikiona gurudumu moja linakimbia kuliko mengine, hulikamata kwa breki, hilo peke yake. Gurudumu lililokamatwa sasa lina kizuizi, basi nguvu hupita difu na kulifikia la upande wa pili. Kwa akili hiyo, ile ila ya difu huponywa bila kufuli. Range Rover ilianza kuwa na chombo hiki mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Wasiokizoea huogopa. Taa yenye picha ya gari linaloteleza humetameta, na sauti ya kukwaruza husikika chini. Dereva hudhani kitu kimevunjika, akaondoa mguu. Hapo gari husimama kweli. Yampasa ashike mafuta kwa kiasi kilekile, bila kuongeza wala kupunguza ghafula, akipe chombo nafasi ya kufanya kazi.

Hata hivyo chombo hiki kina mipaka yake. Kinangoja gurudumu liteleze kwanza, ndipo kifanye kazi. Kikitumika muda mrefu, breki hupata moto. Tena huweza kupunguza nguvu ya injini, jambo linalofaa juu ya lami yenye maji lakini lisilofaa katika mchanga mwingi, ambapo gari lataka mwendo. Kwa sababu hiyo magari mengi yana kitufe cha kukizima. Magari mengine, kama Land Rover Discovery 3 iliyotoka 2004, yana kifundo cha kuchagua: majani na changarawe, matope, mchanga au mawe. Lakini ni dereva anayeiambia kompyuta kilicho mbele. Akiiambia uwongo, nayo itatenda kwa uwongo.

INGIA NAYO, USINGOJE KUTOKA NAYO

Hapa ndipo wengi hushindwa. L4 ni ya kuingilia mahali pagumu, si ya kukumbukwa gari likishazama. Udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa magharibi ya Serengeti au wa nyika za Athi huko Kenya, hujaza meno ya tairi kwa mzunguko mmoja au miwili. Meno yakijaa, tairi huwa laini kama chupa, na baada ya hapo kila mzunguko ni wa kuchimba kaburi la gari. Simama kabla, shuka, tazama kwa miguu, chagua gia, ndipo uingie kwa mwendo mmoja bila kubadili gia katikati.

Kuteremka nako kwataka gia ya chini. Kuta za kreta ya Ngorongoro zina kimo cha mita 600 hivi, na magari yasiyovuta kwa magurudumu manne hayaruhusiwi kushuka humo. Dereva mwenye busara hushuka akizuiwa na injini katika gia ya chini, asije akaziunguza breki zake.

MAMBO YASIYOWEZEKANA

Magurudumu manne yanayovuta hayakupi breki zaidi. Kila motokaa husimama kwa magurudumu manne, ndogo na kubwa. Gari zito la H4 huondoka vizuri katika utelezi, na dereva hupata moyo wa kukimbia; lakini likitakiwa kusimama huteleza kama gari lo lote.

Wala haliwezi kushindana na mto. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimeta 30 huweza kuelea na kuchukua gari dogo, na yenye kina cha sentimeta 60 huchukua magari mengi, hata ya magurudumu manne. Gari likishaanza kuelea, tairi hazigusi chini, na gia zote hazina maana. Tarehe 4 Desemba 2021, katika mto Enziu, kaunti ya Kitui nchini Kenya, basi lililochukua wanakwaya waliokuwa wakienda arusini lilijaribu kupita daraja lililofunikwa na mafuriko. Maji yalilichukua, na watu zaidi ya 30 walikufa. Basi lile lilikuwa zito kuliko Land Rover yo yote. Wahenga walisema: Maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mto ukijaa, ngoja upungue, au urudi.

KABLA YA SAFARI

1. Jaribu kila mkono na kila kufuli penye uwanja wazi, angalau mara moja kwa mwezi. Vyuma visivyotumika hushika kutu.

2. Tazama meno ya tairi. Tairi kipara halisaidiwi na kompyuta.

3. Chukua sepetu, panga, kamba madhubuti, jeki na ubao wa kuwekea jeki.

4. Katika mchanga punguza upepo wa tairi, mathalani kutoka ratili 35 mpaka 20 hivi, kisha uujaze tena kabla ya kukimbia juu ya lami.

5. Ukinasa, acha mafuta mara moja. Chimba mbele ya magurudumu, tandika matawi au mawe, ndipo ujaribu taratibu. Watu wakae mbali na kamba inayovuta. Ikikatika yaweza kuua.

Ndugu msomaji, gari lenye nguvu likiendeshwa bila akili huenda kunasa mbali zaidi, pasipo na watu wa kulisaidia. Mgonjwa aliye nyuma hawezi kushuka na kusukuma. Basi anayeshika usukani na ajifunze mikono yake yote siku ya jua, ili siku ya mvua asianze kuuliza.