Fahamu: Kwa nini klarineti hutengenezwa kwa mpingo

Ukipita mitaa ya Posta, Dar es Salaam, utakuta vinyago vya mpingo madukani, vyeusi vikimeta. Mti huohuo, unaovunwa Kilwa na kwingineko kusini mwa Tanzania, ndio unaotengenezewa klarineti na obo za okestra za Ulaya.

Wengi hudhani mti wenyewe ndio unaolia. Sivyo. Kinacholia ni hewa iliyomo ndani ya bomba: ulimi wa tete hutetemeka mdomoni mwa mpigaji, nayo hewa ikaitikia. Tundu la klarineti lina upana uleule karibu urefu wake wote, na upande wa mdomoni huhesabika kama umezibwa. Ndiyo maana sauti yake ya chini ni nzito kuliko ya filimbi ya urefu uleule. Zumari ya pwani, ambayo tundu lake hupanuka kuelekea chini, haina tabia hiyo.

Basi mpingo wa nini? Ni mzito hata huzama majini, una mafuta yake, na ukipekechwa hutoa tundu laini lisilonyonya unyevu wa pumzi kirahisi. Johann Christoph Denner wa Nuremberg, anayetajwa kubuni klarineti miaka ya 1700 mwanzoni, hakuutumia. Mpingo ulishika karne ya 19.

Tangu Januari 2017, biashara ya kimataifa ya mpingo na jamii zake inahitaji kibali cha CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini. Wanamuziki walilalamika, na mwaka 2019 ala zilizokamilika zikaondolewa sharti hilo. Magogo na mbao bado vinabanwa, tena kwa haki: mpingo hukua polepole mno.