Mavazi 6, Nguo 42: Hesabu ya Mradi wa Mwisho wa Mbunifu

Mwaka 1992 Isabella Blow, mhariri wa mitindo wa London, alinunua mkusanyo mzima wa mwanafunzi aliyekuwa anamaliza shahada ya uzamili pale chuo cha sanaa cha Central Saint Martins. Bei ilikuwa pauni 5,000. Hakuwa nazo mkononi, kwa hiyo akalipa pauni 100 kila wiki, yaani malipo ya wiki 50. Mwanafunzi mwenyewe, Alexander McQueen, alikuwa amelipiwa ada na jamaa yake Renee: pauni 4,000, kwa mujibu wa walioandika maisha yake. Toa hizo kwenye 5,000, inabaki pauni 1,000, na hapo vitambaa havijahesabiwa.

Kisa hiki hupendwa sana vyuoni kwa sababu kinaonekana kama bahati nasibu iliyoangukia mtu mmoja. Mimi nakisoma kwa jicho la gharama. McQueen aliingia chuoni akiwa tayari ni fundi. Tangu ana miaka 16 alikuwa Savile Row, mtaa wa mafundi suti wa London, kwenye duka la Anderson & Sheppard, akijifunza kushona koti. Suti ya mtaa ule, ikishonwa kwa kipimo cha mteja, hula saa zisizopungua 50 za kazi ya mkono. Mwenye mkono wa namna hiyo anaanza mradi wake akiwa ameshalipia kitu cha bei kubwa kuliko vyote, na kitu hicho hakimo kwenye orodha ya manunuzi ya mwanafunzi yeyote.

Tuchukue mwanafunzi wa kawaida wa shahada ya kwanza huko England. Shahada ina krediti 360 kwa miaka 3, kila mwaka 120, na krediti moja huhesabiwa kuwa saa 10 za kazi, darasani na nje ya darasa. Mradi wa mwisho mara nyingi hubeba krediti 60. Hizo ni saa 600. Katika vyuo vinavyoipa alama ya mwaka wa tatu uzito wa theluthi mbili, mradi huu mmoja huamua theluthi nzima ya shahada. Kinachotakiwa ni mkusanyo, na mazoea ya vyuo vingi ni mavazi 6 kamili, pamoja na daftari la michoro, vitambaa vya majaribio, picha na maelezo ya maandishi.

Sita inasikika ndogo. Nyumbani, mama mwenye cherehani hushona gauni sita za arusi ndani ya wiki mbili. Lakini vazi kamili la jukwaani si nguo moja. Tuseme mkusanyo wetu una makoti 3, suruali na sketi 5, mashati 4 na magauni 2. Jumla ni nguo 14. Kila moja inahitaji patani yake mpya, kisha nguo ya majaribio ya kitambaa cha marekani, ivaliwe, ichorwe kalamu, ifumuliwe, ikatwe upya. Kwa kawaida ya majaribio mawili kwa kila nguo, hizo ni nguo 28 ambazo hakuna mtazamaji atakayeziona. Ongeza zile 14 za mwisho. Mavazi 6 yamekuwa nguo 42 zilizopita chini ya sindano.

Sasa mita. Kwa kitambaa chenye upana wa mita 1.5, koti hula kama mita 3, suruali au sketi 1.6, shati 2, gauni 3.5. Zidisha: 9 + 8 + 8 + 7, yaani mita 32. Ongeza asilimia 15 kwa makosa na kwa mapande yasiyofaa, tunafika mita 37. Marekani ya majaribio mawili ni mita 64. Ikiwa na uzito wa gramu 150 kwa mita ya mraba, marekani hiyo peke yake ni kilo 14.4. Wastani wa dunia ni lita 10,000 za maji kwa kilo moja ya kitambaa cha pamba, kuanzia shambani mpaka kiwandani, kwa hiyo majaribio ya mwanafunzi mmoja yamebeba lita 144,000. Siku hizi kila daftari la mradi lina ukurasa wa kuhifadhi mazingira. Sijawahi kuona uliohesabu marekani.

Bei za mfano wetu ni za katikati, si za Berwick Street kule Soho, London, kwenye hariri za harusi, wala si za kubahatisha vipande Goldhawk Road ambako mwanafunzi mwenye subira hupunguza gharama sana. Kitambaa kikuu kwa pauni 18 mita: 666. Marekani kwa pauni 4: 256. Bitana mita 8 kwa pauni 6: 48. Zipu, vifungo, nyuzi na kitambaa cha kukazia kola: 120. Kuchapisha michoro kwenye mita 8 za kitambaa, pauni 35 kila mita: 280. Karatasi za patani 20, viatu jozi 6 kwa pauni 25 ni 150, kuchapisha kitabu cha kazi 80, siku ya picha pamoja na nauli na chakula cha watu 200. Jumla ni pauni 1,820. Kwa kadirio la shilingi 170 za Kenya kwa pauni, hizo ni shilingi 309,400.

Hiyo ndiyo namba ambayo mzazi huambiwa kwenye simu, na ndiyo inayoleta kelele. Namba kubwa iko upande wa pili. Chukua saa 600 uzizidishe kwa kima cha chini cha mshahara wa Uingereza kwa wenye miaka 21 na zaidi, ambacho kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa. Unapata pauni 7,326, mara nne ya manunuzi yote. Ongeza nusu ya ada ya mwaka wa masomo 2025/26, ambayo kwa mwanafunzi wa ndani ilikuwa pauni 9,535, maana mradi ni nusu ya krediti za mwaka: pauni 4,767.50. Mkusanyo umefika pauni 13,913.50. Kila vazi moja kati ya yale sita limegharimu takriban pauni 2,319, na kitambaa kikuu ndani yake ni pauni 111 tu.

Saa zenyewe zinakwendaje? Nimezipanga kwa mwanafunzi anayejua kushona vizuri lakini si mwepesi kama fundi wa kiwandani. Patani 14, saa 6 kila moja: 84. Nguo za majaribio 28, saa 5 kila moja: 140. Kuvalisha na kurekebisha, saa 4 kwa kila nguo: 56. Ushonaji wa mwisho: makoti saa 30 kila moja, suruali na sketi 8, mashati 10, magauni 15, jumla 200. Ukijumlisha unapata 480. Zimebaki saa 120 kati ya 600.

Ndani ya saa hizo 120, wiki tatu za kazi ya kawaida, lazima uingie utafiti wote, michoro yote, majaribio ya rangi na uchapaji, picha, kitabu cha kazi na maandishi ya kujitathmini. Yaani mambo ambayo ndiyo yanachukua sehemu kubwa ya karatasi ya alama. Hakuna anayefanikiwa kuyabana humo. Kinachotokea ni kwamba mwanafunzi hulala chuoni mwezi Aprili na Mei, saa 600 zinakuwa 900, na zile 300 za ziada hazionekani popote. Mtu asemaye mitindo ni kazi ya mapenzi hajaambiwa kuwa mapenzi hayo yana bei: kwa kima kilekile cha chini, saa 300 ni pauni 3,663.

Punguza mavazi yawe 4 na uangalie. Makoti 2, suruali na sketi 3, mashati 3, gauni 1: nguo 9. Patani saa 54, majaribio 90, kuvalisha 36, ushonaji wa mwisho 129. Jumla 309, na zimebaki 291 za kufikiri. Kwenye kitambaa umeokoa kama pauni 246, kwenye marekani pauni 94, pamoja 340. Kwenye muda umeokoa saa 171, ambazo kwa kima cha chini ni pauni 2,088. Uokozi wa muda ni mara sita ya uokozi wa kitambaa. Chuo kikiruhusu mavazi 4, na baadhi huruhusu kwa mazungumzo na msimamizi, sioni sababu ya kung'ang'ania 6 isipokuwa fahari ya jukwaani. Sita yanajaza jukwaa, hilo kweli, lakini mwalimu haketi kuhesabu mita.

Fedha za kuishi nazo zina kichekesho chake. Mkopo wa kujikimu wa wanafunzi wa England hupungua mwaka wa mwisho, kwa kuwa likizo ya kiangazi baada ya kumaliza haihesabiwi. Kwa mwanafunzi wa historia hilo ni usumbufu. Kwa wa mitindo, ni kupunguziwa mwaka uleule anaonunua mita 101 za kitambaa kikuu na marekani. Anayetoka Dar es Salaam au Nairobi hana mkopo huo kabisa, na katika vyuo vya sanaa vya London ada yake ni karibu mara tatu ya ile ya mwenyeji. Viza yake inamruhusu kufanya kazi kwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula. Zikijaa zote 20, na mradi ukidai 40, wiki yake ni saa 60 kabla hajapika ugali.

Ndiyo maana naipenda zaidi mikusanyo iliyopata utajiri wake mahali pasipouzwa. Mwaka 1993 Hussein Chalayan, wa chuo hichohicho cha McQueen, alizika nguo ardhini pamoja na unga wa chuma, akazifukua zikiwa na kutu na madoa ambayo hakuna kiwanda cha uchapaji kingemchapia. Duka la Browns la London likaziweka dirishani. Mwaka 1995 Stella McCartney, kwenye onyesho lake la kumaliza chuo, alipandisha jukwaani wanamitindo Naomi Campbell na Kate Moss kwa sababu ni rafiki zake. Huo nao ni mtaji, ila si wa kumshauri mtu.

Mwanafunzi wa pwani yetu huja na wazo la kitenge au kanga, na hapa hesabu zote za juu zinabadilika, kwa sababu zilifanywa kwa upana wa mita 1.5. Kitenge ni chembamba, tuseme mita 1.15, na huuzwa kwa yadi 6, ambazo ni kama mita 5.5. Zile mita 37 zinakuwa 48. Hivyo ni vitenge 9, si 7 kama ungegawa kwa haraka. Na hapo hujalinganisha maua ya mkono wa kulia na wa kushoto, kazi ambayo kwenye kitenge chenye michoro mikubwa huweza kukugharimu kipande kizima.

Kanga ni ngumu zaidi. Ina pindo pande zote nne, mji katikati, na jina lake, yaani ule msemo, chini, basi huwezi kupanga patani popote palipo na nafasi. Mchoro ndio unaokuambia pa kukata. Doti moja, kanga mbili za takriban mita 1.5 kwa 1.1, ina mita za mraba 3.3. Koti letu linahitaji 4.5. Kwa karatasi, doti moja na nusu ingetosha. Kwa mkasi, ukitaka pindo zishuke sawasawa mbele na jina lisomeke mgongoni bila kukatwa katikati, andaa doti 3 na usishangae ya 4. Faida yake ni kwamba pindo huokoa kazi nyingine: ukingo wa nguo tayari umepambwa, na pauni 280 za uchapaji zinafutika kwenye orodha.

Uzi nao, kwa kuwa hakuna anayeukumbuka mpaka uishe saa nane usiku. Mshono wa kawaida wa cherehani hula takriban mita 2.5 za uzi kwa kila mita ya mshono. Ovaloki ya nyuzi tatu hula kama mita 14. Ukipitisha ovaloki kwenye mita 100 za kingo, umetumia kilomita 1.4. Nunua koni, si vigurudumu vidogo vya uzi wa dukani.

Halafu lipo swali ambalo kwetu huja la kwanza: kwa nini nisimpelekee fundi? Vyuo vingi havikatazi msaada wa nje moja kwa moja, ila vinataka utajwe kwenye faili ya mradi, nani kafanya nini. Katika saa 480 za kutengeneza nguo, zile 200 za mwisho ndizo fundi anaweza kuzibeba bila kugusa sana alama zako, hasa makoti, ambayo ni saa 90 kati ya hizo. Saa 280 za patani, majaribio na kuvalisha usimpe mtu. Humo ndimo koti linamobadilika, bega linashuka, mfuko unahama, na msahihishaji atataka kuuliza kwa nini.