Pedi ya Kufua Kilimanjaro: Hesabu ya Maji, Jua na Mgomba

Taulo ya kike ya kutupa, ambayo madukani mwa Moshi huitwa pedi, huuzwa kwa bei isiyojumuisha gharama ya kuiondoa baada ya kutumika, kwa kuwa gharama hiyo huangukia shimo la choo cha shule linalojaa kabla ya wakati wake, dampo la manispaa, au mwanafunzi wa bweni anayelazimika kuificha mpaka apate mahali pa kuichoma. Pedi ya kufua huuondoa mzigo huo lakini huleta mwingine, maana mtumiaji mwenyewe ndiye anayegharimia maji, sabuni na mahali pa kuanikia. Mafanikio ya kuisanifu upya bidhaa hii kwa ajili ya wasichana wa shule mkoani Kilimanjaro yanategemea namna msanifu anavyoikadiria gharama hiyo ya pili, kuliko yanavyotegemea ubora wa kitambaa anachokishona.

Pedi ya kutupa haikubuniwa kwa kumfikiria mtoto. Kotex, chapa iliyoingizwa katika soko la Marekani na kampuni ya Kimberly-Clark mwaka 1920, ilitokana na nyuzi za mbao zilizokuwa zikifungia vidonda vya askari wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Miongo iliyofuata ilileta gundi ya kuishikiza kwenye chupi, utando wa plastiki wa kuzuia majimaji yasipenye, na chembechembe za polima, yaani kemikali inayofyonza maji na kuyageuza kuwa uji mzito. Kila nyongeza ilimfaa mvaaji, na kila nyongeza ilifanya taka hiyo iwe ngumu zaidi kuoza. Marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza kutekelezwa nchini Tanzania tarehe 1 Juni 2019 ilihusu mifuko ya kubebea bidhaa, hivyo plastiki iliyofichwa ndani ya pedi haikuguswa.

Pedi ya kufua, kwa upande wake, haina siri kubwa ya kiufundi. Juu hukaa kitambaa laini, katikati tabaka za kufyonza, chini kitambaa kisichopitisha maji, na pembeni mabawa mawili yanayofungwa kwa vishikizo. Kampuni ya AFRIpads ya Uganda imekuwa ikiishona kwa wingi tangu mwaka 2010, na jijini Dar es Salaam chapa ya Elea ya Jennifer Shigoli imefuata njia hiyo. Ugumu huanza pale mvaaji anapokuwa na miaka 12. Pedi iliyokatwa kwa kipimo cha mtu mzima huhama mahali pake mtoto anapokimbia au anapokaa kwenye dawati, kwa hiyo inabidi iwe nyembamba na fupi zaidi, iwe na mfuko wa kurudishia nyumbani iliyotumika bila kulowanisha madaftari, na rangi yake ifiche madoa bila kumzuia mtoto kuona kama imetakata.

Hata hivyo, kinachoamua zaidi ni mwinuko. Mjini Moshi, kati ya mita 800 na 900 juu ya usawa wa bahari, jua ni kali na mamlaka ya maji hutegemea chemchemi, zikiwemo za Nsere na Shiri, hivyo kufua na kuanika si tatizo kubwa. Katika ukanda wa migomba na kahawa wa Kibosho, Machame na Marangu maji yapo, mengine yakiletwa na mifereji ya asili iitwayo mifongo, lakini masika ya Machi hadi Mei, na mawingu ya Juni na Julai yanayofuata, huweza kukiacha kitambaa kinene na unyevu kwa siku kadhaa. Upande wa Rombo na tambarare za chini hali hugeuka, kwa maana jua lipo na ndoo ya maji ndiyo inayogombaniwa. Aibu nayo huongeza gharama, kwa sababu msichana anayeianika pedi chini ya godoro ili kaka zake wasiione huikosesha jua hata siku ambayo jua linawaka. Kwa hiyo pedi ya mlimani inapaswa kukunjuka na kuwa kitambaa chepesi cha kawaida kinachoweza kuanikwa kati ya nguo nyingine, ilhali katika maeneo makavu kuna hoja nzito ya kutumia kikombe cha hedhi, chombo cha silikoni kinachokusanya damu badala ya kuifyonza, ambacho huhitaji maji kidogo na huweza kudumu hadi miaka 10.

Shirika la Femme International, ambalo limeendesha elimu ya hedhi shuleni katika eneo la Moshi, limetumia vyote viwili, kikombe na pedi za kufua. Kikombe hukutana na hofu ya wazazi kuhusu bikira, na majaribio yaliyofanywa katika shule za magharibi ya Kenya yalionyesha kwamba wasichana wengi walihitaji miezi kadhaa kukizoea. Muda huo nao ni gharama ambayo mfanyabiashara wa kawaida hawezi kuibeba bila mfadhili.

Sera ya kodi imekuwa ikilitazama soko hili kwa jicho la kiwanda. Bajeti ya mwaka 2018/19 ilizisamehe taulo za kike Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18, na mwaka mmoja baadaye Waziri wa Fedha, Philip Mpango, akairejesha kwa maelezo kwamba bei haikuwa imeshuka. Matokeo hayo hayashangazi sana, kwani bidhaa iliyosamehewa kodi hutofautiana na ile inayotozwa kwa kiwango cha sifuri: mzalishaji wa bidhaa iliyosamehewa hawezi kudai kodi aliyoilipia malighafi, na gharama hiyo hubaki ndani ya bei. Badala ya msamaha, wawekezaji wapya wa viwanda vya pedi walipewa punguzo la kodi ya mapato ya kampuni kutoka asilimia 30 hadi 25 kwa miaka miwili. Fundi cherehani wa barazani, ambaye hana kampuni, hakupata chochote, ingawa ndiye anayeweza kubadili kipimo cha pedi kati ya Jumatatu na Jumanne.

Njia nyingine ni kubaki na pedi ya kutupa lakini kuiondolea mbao na plastiki. Katika Chuo Kikuu cha Makerere, Uganda, Moses Musaazi alibuni MakaPads kwa mafunjo na karatasi chakavu. Nchini Rwanda, kampuni ya SHE, iliyoanzishwa mwaka 2008, hutengeneza pedi kwa nyuzi za shina la mgomba. Mtu anayeutazama mlima ulivyofunikwa na migomba huona malighafi isiyo na mwisho. Hesabu hiyo husahau kwamba katika kihamba, yaani shamba la ukoo la Wachagga linalochanganya migomba, kahawa, miti na mifugo, shina la mgomba si taka: hukatwakatwa likalishwa ng'ombe wanaofungwa zizini, na linalobaki hurudi ardhini kulinda unyevu wa mibuni. Kiwanda cha nyuzi kitalazimika kushindana na ng'ombe, na katika miezi ya kiangazi, majani yanapoadimika, huenda ng'ombe akashinda. Wazo lenye matumaini zaidi ni lile la kulipia nyuzi peke yake na kumrudishia mkulima utomvu na mabaki, jambo linalodai mashine ndogo ya kuchambua nyuzi ifike kijijini badala ya mashina kupandishwa lori kwenda mjini.

Linabaki suala la mnunuzi. Pedi nyingi za kufua hununuliwa na miradi inayozigawa bure, kwa hiyo mshonaji husikia maoni ya mratibu wa mradi mapema kuliko ya msichana. Duka nalo husita, kwa sababu pakiti inayodumu mwaka mzima humrudisha mteja mara moja kwa mwaka. Ikichukuliwa kwa mfano kwamba pakiti ya kutupa ni shilingi 2,000 kwa mwezi na seti ya kufua ni shilingi 12,000, seti hiyo hujilipa kwa miezi sita kabla ya kuhesabu sabuni; lakini mzazi anayesubiri malipo ya kahawa huwa na shilingi 2,000 mkononi mara nyingi zaidi kuliko 12,000. Kikundi cha VICOBA, ambamo wanachama huweka na kukopeshana fedha kila wiki, kinaweza kuigawa bei hiyo katika marejesho madogo. Shule inayonunua kwa kulinganisha bei ya pakiti, na si gharama ya msichana mmoja kwa mwaka pamoja na ile ya kunyonya shimo la choo, itaendelea kuichagua pedi ya kutupa.