Isagara na umuravumba: kutoka kwa mganga hadi famasi

Mizizi ya isagara ni dawa ya ngozi ya jadi nchini Rwanda. Husagwa, ikachanganywa na mafuta, akapakwa mwenye ubuheri, yaani upele, au mwenye utangotango, yale mabaka ya kuvu yanayotoweka kisha yakarudi. Wanasayansi huuita mmea huo *Pentas longiflora*, na katika mizizi yake wamekuta pentalonjini, kemikali ya jamii ya kwinoni inayopambana na kuvu.

Utafiti huu una historia. Mwaka 1980 kilianzishwa Butare kituo cha utafiti wa dawa za asili, CURPHAMETRA, chini ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Rwanda. Mwaka 1986 mkemia Luc Van Puyvelde na wenzake walitangaza kemikali waliyoitenga kutoka majani ya umuravumba, kichaka chenye harufu kali. Kwenye maabara ilizuia bakteria kadhaa na kuvu pia.

Kuua kuvu kwenye kisahani cha maabara, hata hivyo, ni mwanzo tu. Nguvu ya mzizi hubadilika kwa udongo, msimu na umri wa mmea, ilhali dawa lazima iwe na kipimo kilekile kila mara. Kwinoni nyingine huwasha ngozi. Krimu nayo inatakiwa kuhifadhi kemikali isiharibike na kuipenyeza ngozini, kisha ilinganishwe, kwa wagonjwa wenyewe, na dawa zilizopo. Ukurutu, ugonjwa mwingine wa ngozi, ni mgumu zaidi kutibu: chanzo chake ni kinga ya mwili na ngozi isiyohifadhi unyevu, hivyo jani linalotibu kuvu laweza kuuchochea.

Hata hivyo, mmea unaweza kufika famasi. Mwaka 2022 Umoja wa Ulaya uliidhinisha jeli ya magome ya mti wa birch kwa vidonda vya ugonjwa wa kurithi unaofanya ngozi ichubuke kwa kuguswa tu. Kilichoipa kibali ni majaribio kwa wagonjwa.

Rwanda ina mimea, wakemia na, tangu 2018, mamlaka ya kudhibiti dawa na vipodozi, Rwanda FDA, jijini Kigali. Majaribio ya namna hiyo ndiyo yanayostahili fedha sasa.

Wewe mwenye ukurutu au utangotango, usipake majani mabichi kwenye ngozi iliyochubuka, na ukifika hospitali mwambie daktari kila ulichopaka, cha dukani na cha mganga.