Fahamu: Kwa nini usalama wa bahari si kazi ya manowari pekee

Septemba 2008, maharamia wa Kisomali waliiteka meli ya MV Faina ikielekea Mombasa na vifaru 33 aina ya T-72. Aliyewapa waandishi habari nyingi hakuwa afisa wa serikali. Alikuwa Andrew Mwangura, wa shirika la kusaidia mabaharia la Mombasa. Hakuwa na boti wala bunduki. Alikuwa na simu, na mabaharia walimwamini. Aliposema vifaru vilikuwa vya Sudan Kusini, si vya Kenya, alikamatwa. Nyaraka za kibalozi za Marekani zilizovuja 2010 zilithibitisha maneno yake. Kumtia ndani mtu kama huyo ni kujiziba masikio. Meli iliachiliwa Februari 2009, baada ya fidia kulipwa.