Saa za Ziada na Bakshishi: Ni Nini Hukatwa Kwenye Mshahara Wako?

Wafanyakazi wengi wa Ayany, Olympic na mitaa jirani ya Kibra hutegemea saa za ziada ili kufika mwisho wa mwezi. Ni wahudumu wa mikahawa kando ya Barabara ya Ngong, walinzi, na vibarua wa viwanda na mabohari ya Industrial Area. Siku ya mshahara ikifika, pesa za saa hizo huonekana zimepungua, na swali huwa ni lile lile: mbona jasho la ziada likatwe?

Kwa sheria ya sasa, malipo ya saa za ziada ni mshahara kama mshahara mwingine. Haikuwa hivyo wakati wote. Sheria ya Fedha ya 2016 iliondoa ushuru kwenye bonasi na malipo ya saa za ziada kwa wafanyakazi waliokuwa katika kiwango cha chini kabisa cha ushuru. Msamaha huo ulifutwa Aprili 2020, wakati wa korona, kwa sheria ile ile iliyopandisha nafuu ya kila mwezi kutoka Sh1,408 hadi Sh2,400. Ambaye mapato yake yote yalibaki chini ya Sh24,000 hakupoteza kitu. Aliyevuka hapo kwa kufanya saa nyingi ndiye aliyeanza kulipa.

Marekani ilipitisha sheria Julai 2025 inayowapunguzia wafanyakazi ushuru wa bakshishi na wa saa za ziada. Habari zake zimeenea sana, lakini haimhusu mfanyakazi anayelipwa Kenya.

Agizo la Jumla la Mishahara linasema wiki ya kazi ni saa 52. Zinazozidi hapo hulipwa mara moja na nusu ya malipo ya kawaida ya saa, na mara mbili zikifanywa siku ya mapumziko au sikukuu. Hoteli na kampuni za ulinzi zina maagizo yake. Ili kupata malipo ya saa moja, gawa mshahara wa msingi wa mwezi kwa 225.

Chukua mfanyakazi wa bohari mwenye mshahara wa msingi wa Sh27,000. Saa yake moja ni Sh120, na ya ziada ni Sh180. Akifanya saa 20 za ziada kila mwezi, anaongeza Sh3,600. Kutoka kwa hizo, NSSF huchukua Sh216, ambazo ni akiba yake na mwajiri huongeza kiasi hicho hicho. Bima ya afya ya SHIF ni Sh99, ushuru wa nyumba Sh54, na ushuru wa mapato takriban Sh808. Anabaki na kama Sh2,423 mkononi.

Wapo wanaokataa saa za ziada wakidhani zikiwavusha daraja, mshahara wote utatozwa asilimia 25. Si kweli. Kinachotozwa asilimia hiyo ni sehemu iliyozidi Sh24,000 pekee, tena baada ya NSSF, SHIF na ushuru wa nyumba kuondolewa kwanza. Ndiyo maana ambaye jumla ya mapato yake haizidi kama Sh26,700 kwa mwezi halipi ushuru wa mapato hata shilingi moja, awe amefanya saa za ziada au la. Akikatwa, ana haki ya kuuliza.

Bakshishi ina mambo yake. Ada ya huduma inayoandikwa kwenye bili na kugawiwa wafanyakazi kupitia mwajiri huhesabiwa kuwa mapato ya kazi na hukatwa pamoja na mshahara. Ile ambayo mteja anakuachia mkononi mwajiri haioni, kwa hivyo hawezi kuikata. Hata hivyo, Sheria ya Ushuru wa Mapato haikuisamehe: ni pesa iliyotokana na kazi, na mahali pake ni kwenye taarifa ya mapato inayowasilishwa KRA kabla ya tarehe 30 Juni.

Baadhi ya waajiri hupendekeza kulipa saa za ziada kichinichini, bila kuziandika. Mfanyakazi hupata pesa zaidi siku hiyo, lakini NSSF yake haikui, na kukitokea mzozo hana la kuonyesha. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atoe hati ya mshahara inayotaja kila kinachokatwa na sababu yake. Tangu Julai 2025, mwajiri pia analazimika kutumia nafuu zote zinazomstahili mfanyakazi kabla ya kukata ushuru.

Ushuru huu hukusanywa na KRA, si Kaunti, hivyo ofisi ya wadi haiwezi kurekebisha makato. Kwa hesabu ya ushuru, nenda kaunta ya KRA katika Huduma Centre. Kwa saa ambazo hazikulipwa, nenda ofisi za Wizara ya Kazi katika jumba la NSSF, Bishop Road. Beba kitambulisho, hati za mshahara za miezi ya karibuni, na daftari ulimoandika saa ulizoingia na kutoka kazini.